Fundi Aliyeitika Abee

Vijana wangu wa londri, assalaamu alaikum, na nyinyi mliotoka bara, hamjambo. Siku mliyoniaga mlinikatia keki, mkanivika leso mabegani, mkaimba mpaka wauguzi wakaja kuchungulia. Halafu kila mmoja akanivuta pembeni kuniuliza jambo lile lile: "Bi Mejumaa, kabla hujaondoka, ile hina huwa unaitoaje?" Lo! Miaka yote hiyo, na mnachotaka kwangu ni hina! Sasa nimekaa nyumbani, mikono inaniwasha kwa kukosa kazi, nikasema basi nitawaandikia. Ya hina nitawaambia. Na yale ambayo hamkuyauliza mtayasoma vilevile, maana anayeandika ni mimi.

Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilinikuta nina povu mpaka viwikoni, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu.

Nilianza udobi nikiwa msichana, katika hoteli moja ya Diani. Msidhani nilikuwa nikiiona bahari. Londri ya hoteli huwekwa nyuma kabisa, karibu na mapipa ya jikoni, mahali ambapo hata mgeni aliyepotea hawezi kufika. Siku ya kwanza nilikwenda na buibui jipya na viatu vya kisigino. Mkubwa wa londri alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi, mkavu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa maji. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kufua au umekuja harusini?"

Akanipa ndara na aproni, na harusi yangu ikaishia pale pale.

Yote ninayoyajua nimeyapata kwa mzee yule, Mungu amrehemu. Shuka hunuswa kabla ya kutiwa majini, kwa sababu pua hujua doa kabla ya jicho. Damu ni maji baridi, na atakayeniambia vingine na aje tubishane. Na hina, haya, fungueni masikio. Wale wageni wa fungate walikuwa wakienda kupakwa hina ufukweni, wanaambiwa wangoje ikauke, hawangoji. Asubuhi ukilitandua shuka, viganja viko hapa, viganja viko pale, habari yote ya watu imeandikwa. Niliposhika la kwanza nilijifunika uso kwa aibu. Mzee Athumani akasema, "Toa mkono usoni, utie ndimu." Basi ni hivyo: maji baridi kwanza, halafu ndimu na chumvi, usisugue, lianike juani likiwa bado bichi, na ukihitaji kurudia, rudia. Pasi isilisogelee mpaka alama iishe yote. Ukiipitishia moto, hina ile umeipa makazi ya kudumu. Basi, hilo mmelipata, mnaotaka kuacha kusoma acheni.

Alinifunza na kukunja. Shuka la kitanda kikubwa ni la watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, mnavuta kwa pamoja mpaka linalia, kisha mnaendeana, pembe zinakutana na pembe, mnarudi nyuma, mnavuta tena. Sheria yake ilikuwa moja. "Angalia pembe," alikuwa akisema. "Usimwangalie mwenzio. Ukimwangalia mwenzio, shuka linakwenda upande." Sheria hiyo niliishika mpaka nikazeeka nayo, na mbele mtaona ilivyokuja kunishinda.

Mzee Athumani alipostaafu nikabaki na londri yake. Nilikuwa nimeolewa, nina binti yangu mmoja, Saumu, na nilidhani maisha yangu yameshakunjwa na kupangwa kabatini. Ndipo ikaja korona. Wageni wakakatika, ndege zikasimama, hoteli ikafungwa. Siku ya mwisho tulifua mashuka yote ya hoteli nzima, yaliyo machafu na hata yaliyo safi, tukayaweka kwenye makabati, na mlinzi akafunga mlango kwa kufuli. Nililia kwenye matatu mpaka kituo cha Kona ya Musa.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo yake. Mume wangu, Baba Saumu, alikuwa na mtindo wa kukaa barazani na kuita, "Mejumaa!" Nami popote nilipo, jikoni au kwenye karo, ni lazima niitike mara moja, "Abee!" Nikichelewa kidogo huuliza kama nimekuwa kiziwi. Kwa wenzangu wa bara, huku kwetu mwanamke akiitwa huitika abee na mwanamume huitika naam. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na neno lenyewe ni zuri, halina kosa lolote. Lakini likitolewa miaka nenda miaka rudi na mtu anayekuvuta nalo kama mbuzi wa kamba, linachosha.

Mchana mmoja, hoteli ikiwa imeshafungwa, nilimpikia wali wa nazi na papa. Alikula. Akamaliza. Akanawa mikono, akajipangusa, halafu akaniita ilhali nimekaa mbele yake.

"Mejumaa!"

"Abee."

"Nimekuacha. Talaka yako hiyo."

Jamani! Si angeniacha kabla sijakuna nazi? Kumbe mke mwingine alikuwa ameshapatikana huko Tiwi, na watu wote walijua isipokuwa mimi na papa wangu. Niliokota nguo zangu nikaenda kwa Saumu, Ukunda, nikalala chumba kimoja na wajukuu. Na usemi mmoja nilijiwekea moyoni nikauapia: mwanamume mwingine hataisikia abee kutoka kinywa hiki. Akiniita mtu nitamjibu "nasikia" au "sema", anione sina adabu, shauri yake.

Saumu ndiye aliyesikia kuwa hospitali moja upande wa Msambweni inatafuta madobi. Wakati ule hospitali zilikuwa zimeelemewa na mashuka, na watu walikuwa wakiogopa kuyashika. Mimi sikuogopa, nilikuwa nimeshapoteza vya kuogopea. Nikaenda. Umri ule wenzangu walikuwa wakibembeleza wajukuu, mimi nakwenda kuanza siku ya kwanza kazini, na safari hii nikavaa ndara tangu nyumbani.

Mlangoni nilimkuta mwanamke mnene, mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa nyuma. Nikafungua kinywa nimsalimu, naye akaniwahi. "Wewe ndio wa hoteli? Hii mashine ya kukamua unaijua ama huijui?"

Hata hujambo hakuna! Huyo ndiye Mumbua, Mkamba wa yale mashamba waliyogawiwa watu wa bara kule juu Shimba Hills, mtu wa kanisa, mtu wa shamba, na mtu wa kusema kitu kabla hakijapoa. Alikuwa akiniita "Mejumaa" mkavu, bila Bi, kama tumecheza pamoja utotoni. Nilimnunia. Yeye naye alinikuta nikiwasalimu watu mmoja mmoja, habari za nyumbani, habari za watoto, za wagonjwa, akaangalia juu akasema, "Hapa tutaanza kufua saa ngapi?"

Kilichotupatanisha ni bata. Mnajua hotelini taulo hukunjwa bata, shingo ndefu na mbawa mbili, tunamwekea mgeni kitandani ili afurahi. Mikono yangu ilikuwa imezoea mno, hainingoji nifikirie. Siku moja nilikuwa nikipanga taulo za watoto wachanga, mawazo yangu yako mbali, na mikono ikafanya yake. Bata wakaingia kwenye toroli, toroli likaenda wodi ya wazazi. Haukupita muda, muuguzi mkubwa wa wodi akashuka mwenyewe, bata amemkalisha kiganjani.

"Nani ametengeneza hii?"

Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndara. Ajira yenyewe bado mbichi, na mimi hospitalini nimeleta michezo ya hoteli. Kabla sijasema neno, Mumbua akajitokeza mbele na kiuno chake chote. "Ni mimi!"

"Wewe, Mumbua?" Muuguzi akamtazama, akamtazama bata. "Basi tengeneza zingine. Kuna mama analia tangu asubuhi, ameona hii akacheka. Sasa wenzake wote wanauliza yao iko wapi."

Alipotoka, Mumbua alinigeukia macho yamemtoka. "Nifundishe haraka, nishasema ni mimi!"

Tulicheka sote wawili, nikamfunza. Bata wake walifanana na viazi vitamu, na akina mama waliwapenda hivyo hivyo. Nilimuuliza kwa nini alijitwika lawama ya mtu asiyempenda. Akasema, "Nani amesema sikupendi? Mimi naongea hivi hata na bwanangu." Tangu siku hiyo tukawa tunakula pamoja. Yeye alileta muthokoi, yale mahindi ya kukoboa wanayopika Wakamba na maharagwe, mimi nikautia tui la nazi, akaonja, akaonja tena, akasema mama yake asijue. Nilikuwa na marafiki wa kusalimiana maisha yangu yote. Wa kuniambia "Mejumaa, leo umeamka na huzuni, keti, nitakunja mimi" nilikuwa sina mpaka nilipofika Msambweni, na wallahi nilikuwa nikiamka alfajiri nina hamu ya kwenda kufua.

Sasa nifikie mambo yenyewe.

Fundi wa boila alihama, wakatuletea mwingine. Alikuwa mtu mrefu, mvi zimemkaa upande mmoja wa kichwa, mguu wa kushoto anauvuta. Jina lake Kassim. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa Mackinnon Road, na lori lilimpindukia likamvunja mguu, wenye lori wakatafuta dereva mwenye miguu mizima. Akajifunza boila uzeeni. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile ya kwanza tulichojua ni kwamba amepita mlangoni, ametoa salamu kwa utaratibu, na ameingia nyuma ya boila lake.

Mara mvuke ukaanza kupungua. Mnajua londri, bila kupaza sauti husikiki, nami nikapaza. "Fundi Kassim!"

Kutoka nyuma ya boila, kwa sauti nzito ya mtu aliyekula vumbi la barabara kuu, ikaja, tena kwa heshima zote:

"Abeee!"

Yallah! Binti mmoja wa pale londri aliangukia rundo la foronya. Mwingine alitoka nje akiushika ukuta. Mimi nilikaa juu ya furushi la mashuka machafu, jambo ambalo nimewakataza nyote, nikacheka mpaka machozi, mpaka mbavu zikaniuma, nikacheka kicheko ambacho sikujua kama bado ninacho. Mtu mzima yule, na masharubu yale, abee!

Akatoka anajifuta mikono. "Kuna nini?"

"Fundi," Mumbua akamwambia, naye anashindwa kupumua, "abee ni ya wanawake! Mwanaume husema naam!"

Yule mtu akasimama akifikiri. Halafu akaanza kucheka mwenyewe, akacheka kutupita sisi. "Kumbe!" akasema. "Mimi nimelelewa na nyanya yangu. Alikuwa mtu wa huku huku pwani, akaolewa na mtu wa reli akapelekwa juu. Nyumbani tulikuwa nyanya, mashangazi na mimi. Nyanya akiitwa, abee. Mashangazi wakiitwa, abee. Nikajua hiyo ndiyo heshima. Barabarani mtu akiniita nilikuwa nasema 'sema', hakuna heshima kwa malori. Nikajiambia, nikifika pwani nitarudia ile adabu ya nyanya."

Hakuona haya hata kidogo. Mimi niliyezoea mwanamume anayekasirika akiitikiwa kwa kuchelewa, nilimwangalia mtu huyu akijicheka mbele ya wanawake, nikahisi kitu kimenigusa hapa kifuani. Nikainuka upesi nikaenda kupanga foronya.

Alijifunza naam siku ile ile. Muuguzi akimwita, naam. Mumbua akimwita, naam. Nikimwita mimi, "Abeee!" Kila siku. Wasichana wakawa wanashindana kunitafutia sababu za kumwita. Mwishowe nikamkabili.

"Fundi, unafanya makusudi?"

"Makusudi, Bi Mejumaa," akasema. "Ile siku niliisema ukacheka. Naam haijachekesha mtu bado."

Hapo ndipo Mumbua akaanza kuumwa na mgongo. Mgongo wa ajabu, haukuuma akibeba ndoo, haukuuma akisukuma toroli, uliuma tu zamu ya kukunja mashuka ikifika. "Woi, mgongo! Fundi, hebu mshikie Mejumaa huko." Kassim anakuja, amenawa mikono mpaka viwiko, anashika pembe zake. Mara ya kwanza alivuta kama anafunga turubali la lori, nusura anirushe ukutani. Nikamfunza: vuta, njoo, pembe kwa pembe, rudi. Akawa anajua. Vidole vyetu vilikutana kwenye pembe, na shuka lilikuwa katikati, kwa hivyo nadhani hatukuvunja sheria yoyote. Isipokuwa ile ya Mzee Athumani. Nilimwangalia usoni. Naye alikuwa akiniangalia. Na kweli, shuka lilikwenda upande.

Mnaona nimewaambia kwa mbio, lakini moyoni nilikuwa na vita. Nilikuwa nikifurahi kama msichana, na furaha yenyewe ikinitisha. Nilijua kule furaha hii inakoelekea, barazani, kwenye kuitwa.

Ngojeni niwaeleze ile siku ya mvua, maana wengine wenu mnadhani kazi imekuwa hivi hivi siku zote. Ilikuwa masika. Kikaushio kilikuwa kimekufa tangu juzi yake, uani hakukuwa na jua la kukausha hata leso ya pua, na asubuhi ile boila nalo likaanza kuvuja. Chumba cha upasuaji kikatuma mtu: nguo zimebaki chache, na kuna akina mama wawili ambao huenda wakapasuliwa kabla ya adhuhuri. Nguo tulizifua, ziko mbichi zinachuruzika. Kassim akajilaza chini ya boila na spana. Mumbua akavaa gunia kichwani akatoka mvuani, akaenda nyumba za jirani anapiga kelele, "Pasi za makaa! Nani ana pasi ya makaa!" Na watu wa Msambweni wakatoa, Mungu awalipe. Zilikuja pasi za mabibi, pasi zenye kutu, pasi moja yenye jogoo juu ya kifuniko. Tukazipuliza, tukazifuta, tukapiga pasi mpaka nguo zikatoa mvuke. Moshi machoni, jasho mgongoni, Mumbua anaimba nyimbo za kanisani na sisi tunaitikia, dini zimewekwa kando kidogo. Tulipeleka furushi la kwanza linaunguza mikono. Kisha kutoka chini ya boila nikasikia, "Bi Mejumaa! Fungua mvuke!"

"Nasikia!" Nikafungua koki, na bomba likanguruma, na mashine zikaamka zote kwa pamoja. Tulirukaruka! Watu wazima sisi, tumeshikana mikono, tunaruka kwenye maji ya londri! Jioni tukaambiwa mtoto mmoja amezaliwa kwa kisu, mwenzake ametoka mwenyewe kwa njia yake, wote wazima na mama zao wazima.

Tulikaa kibarazani tunakunywa chai, mvua inatulia. Mumbua alikuwa amekwenda kurudisha pasi. Kassim akaniuliza taratibu, "Bi Mejumaa, nikuulize. Wewe mtu wa pwani, na adabu zako zote. Mbona ukiitwa unasema nasikia?"

Nikamwambia. Yote, wali, papa, barazani, kiapo. Sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa Mumbua. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema:

"Basi usiiseme. Ile abee nitaisema mimi, ya sisi wote wawili."

Akaweka kikombe chini. "Na kama hutakasirika," akasema, "niambie kwenu nizungumze na nani."

Mnajua maana yake. Mwanamume akikuuliza azungumze na nani kwenu, anataka kukuposa. Nilitaka kusema jina la kaka yangu Hamisi palepale, lilikuwa mdomoni. Likakataa kutoka. Nikamwambia, "Nipe muda, Fundi." Akasema, "Muda ninao."

Muda ukapita. Hakuniuliza tena, hakuninunia, aliendelea na abee zake. Na wakati huo huo simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa vyumba wa ile hoteli yetu ya Diani. "Mejumaa, tunafungua! Wageni wamerudi. Londri yako inakungoja, njoo." Lo, nilipiga kelele za furaha! Londri yangu! Makabati yangu, mahali aliposimama Mzee Athumani, kila kitu nilichonyang'anywa kinarudishwa mkononi. Nikakubali kwenye simu hapo hapo.

Niliporudisha simu mfukoni, Mumbua alikuwa amesimama mbele yangu. "Unaenda?"

"Ninakwenda, dada."

"Na Kassim?"

"Mumbua, kule ndiko kwangu."

"Unampenda ama humpendi? Sema nijue!"

"Mambo haya hayaendi hivyo."

"Yanaenda vipi? Nyinyi mnazunguka na maneno mpaka watu wanazeeka. Na nyinyi mshazeeka tayari!" Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona Mumbua akilia. "Wewe hurudi hoteli," akasema. "Unakimbia."

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Diani ningeyakuta mashuka, na mashuka hayamuulizi mtu azungumze na nani kwao. Kassim nilipomwambia aliinamisha kichwa, akakaza koki ambayo ilikuwa imeshakazwa. "Ni kazi nzuri," akasema. "Nenda, Bi Mejumaa. Mungu akufanyie wepesi." Nilitaka agombe. Hakugomba.

Siku ya kuondoka kulikuwa na mawingu. Niliwaaga wote, nikavua aproni, nikaikunja, nikaitia kikapuni pamoja na ndara zangu. Mumbua alikataa kuniangalia, alikuwa akipiga bata wake ngumi badala ya kuwakunja. Kassim hakuonekana, yuko nyuma ya boila. Nikatoka. Nikavuka ua, nikapita kamba za kuanikia, nikakaribia lango. Mashine zinanguruma nyuma yangu kama siku zote.

"Mejumaa!"

Bila Bi. Sauti nzito, kutoka mlangoni mwa londri.

"Abee!"

Wallahi sikuisema mimi. Ilitoka yenyewe, nzima, tamu, kwa sauti ya kuvuka ua. Niliisikia masikioni mwangu ndipo nikajua imetoka. Nikasimama. Nikashika kinywa. Hakikuuma kitu! Nilingojea kile kitu cha zamani kinivute shingoni, hakikuja. Nikageuka.

Kassim alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwavuli wangu, mdomo wazi kama mtu aliyeona lori lake linatembea lenyewe. Wasichana wote wamejazana madirishani. Na Mumbua, mwanamke wa kanisa, Mkamba wa Shimba Hills, akapiga vigelegele ambavyo mpaka leo sijui alifunzwa na nani.

"Umesahau mwavuli," Kassim akasema.

Nikarudi. Nilivuka ule ua nikikimbia, na kikapu kinanipiga kiunoni. "Kaka yangu anaitwa Hamisi," nikamwambia. "Yuko Ukunda. Mwendee Ijumaa baada ya swala."

Alikwenda. Mumbua akasisitiza kumsindikiza, na kwa kuwa kwao posa haiendi mikono mitupu, walifika kwa kaka Hamisi wakiwavuta mbuzi watatu. Kaka alidhani wamepotea njia ya mnadani. Lakini akawakaribisha, mbuzi wakafungwa, mambo yakazungumzwa. Hotelini nilipiga simu nikaomba radhi, nikawapelekea binti niliyemfunza mwenyewe, na siku hizi nasikia anawaambia wengine waangalie pembe. Mimi nikabaki Msambweni mpaka mliponikatia ile keki.

Basi vijana, la mwisho la kazini ni hili. Yale mengine ya Mzee Athumani yashikeni yote, pua, maji baridi, ndimu na chumvi. Lakini mkikunja shuka, mwangalieni mwenzenu. Likienda upande mtalikunja tena, mashuka hayaishi.

Nilitaka kuongeza habari ya wanga wa kola, ila Kassim yuko uani anaanika nguo, na la kitanda kikubwa limemshinda peke yake. Naitwa.

Abee!